Tiki ya Kijani Haijui Unamtengenezea Nani

(Hotuba kwa vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti, Tanga)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofunga biashara mapema ili mfike hapa, na ninyi vijana mlioniita: habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kujifunza kutengeneza tovuti kwa kozi shirikishi za mtandaoni, zile ambazo maelezo yako upande mmoja wa kioo, unaandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, katikati, na matokeo yanatokea upande wa pili papo hapo. Katika mwaliko mliuliza pia kozi ipi ni bora. Nitazitaja kadhaa, na nitasema ninavyoziona. Ila nimefundisha kazi hii na kuifanya kwa riziki yangu muda wa kutosha kuona kwamba vijana wawili wanaweza kupita kozi ileile, wakapata cheti kilekile, mmoja akawa fundi na mwingine akabaki anatafuta kozi nyingine ya kuanza. Tofauti yao naiona katika jambo moja. Tiki ya kijani inakuambia kwamba umejibu sawasawa swali aliloliandaa mtu mwingine. Anayelipwa kutengeneza tovuti analipwa kwa kulijua swali lenyewe, na swali hilo halimo ndani ya kozi. Liko kwa fundi cherehani wa Ngamiani, kwa mwalimu mkuu, kwa mweka hazina wa kikoba. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hilo.

Kwanza nizitendee haki kozi zenyewe, maana wapo watu wa rika langu wanaozibeza, na hawasemi kweli.

Tim Berners-Lee aliibuni wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, na watu wa nje walianza kuiona mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia ile ni ya watu wote, haidaiwi malipo ya kibali. Kwa miaka mingi baada ya hapo, aliyetaka kujifunza alifungua ukurasa wa mtu, akatazama msimbo wake, akaunakili, akaubadilisha hapa na pale aone kitakachoharibika. Njia hiyo ilifundisha mafundi wengi na bado ipo: kwenye kivinjari cha Chrome, hata cha simu za Android, ukiandika view-source: mbele ya anwani ya ukurasa, msimbo wake unafunguka mbele yako. Lakini ilidai kompyuta, ilidai mtu wa kukuonyesha uandike wapi, na ilidai ujasiri wa kuangalia kurasa nzima za alama usizozijua. Kijana wa Mabawa asiye na mtu huyo alikwama siku ya kwanza, kabla ya mstari wa kwanza.

Mwaka 2011 vijana wawili wa Marekani, Zach Sims na Ryan Bubinski, wakaanzisha Codecademy, mojawapo ya kozi hizi shirikishi. Januari 2012 wakaendesha kampeni ya kuwataka watu waufanye mwaka ule kuwa wa kujifunza kuandika programu, na meya wa New York wa wakati huo, Michael Bloomberg, akatangaza hadharani kwamba naye anajiunga. Mwaka huohuo Khan Academy ikafungua masomo yake ya kompyuta, yakiongozwa na John Resig, aliyeiandika jQuery, mkusanyiko wa msimbo unaotumiwa na watengeneza tovuti. Mwaka 2014 Quincy Larson akaanzisha freeCodeCamp, ambayo mpaka leo haitozi hata senti, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Watu hawa walikiondoa kizuizi cha siku ya kwanza. Leo mtu hasakinishi kitu wala haulizi faili liwekwe wapi. Anafungua kivinjari, anaandika, anaona. Kwangu mimi hiyo ni huduma kubwa waliyowafanyia watoto wa maskini duniani kote, na ninaisema bila kupunguza neno.

Sasa tuitazame tiki inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wenu mmeipata mara nyingi bila kuuliza inatoka wapi.

Ukibonyeza kitufe cha kukagua, programu ndogo inapita juu ya ulichoandika na kuuliza maswali mafupi. Je, kipo kichwa kikuu, kile cha h1? Je, maandishi yake ni haya tuliyoyaomba? Je, picha ina maelezo yake ya alt, yale ya kumsaidia asiyeiona? Maswali yote yakijibiwa ndiyo, unapata tiki na hatua inayofuata inafunguka. Kwenye freeCodeCamp wanafunzi wengi sana wameanza na ukurasa uleule wa picha za paka, CatPhotoApp, wakiujenga kwa hatua fupi fupi, mara nyingi mstari mmoja kwa hatua. Uzuri wake ni kwamba unajua umekosea ndani ya sekunde chache, ukiwa bado unakumbuka ulikuwa unafikiri nini. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hawezi kumfanyia hivyo kila mmoja.

Lakini angalieni ni nani aliyeamua mambo. Ukurasa uwe wa paka, waliamua wao. Kichwa kikae wapi, picha ziwe ngapi, orodha iwe ya namba au ya nukta, fomu iulize nini, yote waliyaamua wao. Faili limeshafunguliwa, limeshapewa jina, limeshaunganishwa na faili la mitindo. Wewe umebakishiwa mstari mmoja ujaze. Ukijaza mistari mia tatu ya namna hiyo, umejifunza alama nyingi za HTML, inayopanga vilivyomo ukurasani, na CSS, inayovipamba, na ni jambo jema. Hujaamua hata mara moja.

Ndiyo maana yanatokea yale ambayo nimeyaona kwa vijana wengi. Mtu ana vyeti viwili, anafungua faili tupu, na mikono inaganda. Anaanza kujidharau. Anasema kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya. Kisha anarudi kwenye kozi nyingine ya mwanzo kabisa, kwa sababu kule anapata tiki na tiki inatuliza moyo. Nataka kijana aliye katika hali hiyo humu ndani anisikilize vizuri: kichwa chako hakina kasoro. Ulifundishwa kujaza, hukufundishwa kuanza. Hayo ni mazoezi mawili tofauti na la pili hujalifanya bado.

Kuna utafiti ninaourudia kila mwaka kwa wanafunzi wangu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University, St. Louis, walichapisha majaribio juu ya kusoma na kukumbuka. Katika jaribio mojawapo, kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fupi kwa vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha kwa vipindi vitatu likaandika kile lilichokumbuka, bila kuitazama tena. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vinne waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka. Waliosoma vipindi vinne walikumbuka asilimia 40, na wale waliojipima walikumbuka 61.

Dakika tano na wiki moja. Tiki ya kijani ni kipimo cha dakika tano. Maelezo bado yako mbele yako, mfano uko juu ya kioo, na wewe unajiona umeelewa, na kwa dakika hizo kweli umeelewa. Kazi itakuuliza baada ya wiki moja, baada ya miezi mitatu, saa 4 usiku, mteja akiwa anapiga simu.

Kwa hiyo ninachowaomba mfanye ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda. Ukimaliza somo, funga kozi. Fungua faili tupu kwenye kompyuta yako au simu yako. Uandike ukurasa uleule kwa kumbukumbu, lakini badilisha kilichomo: paka waondoke, iingie bei ya kushona sare za shule. Ukikwama, kaa na mkwamo wako kwanza, jaribu mawili matatu, ndipo urudi kutazama. Somo la dakika kumi litakuchukua jioni nzima. Vijana hunilalamikia kwamba wanachelewa, wenzao wako asilimia 60 ya kozi na wao wako asilimia 15. Waacheni wenzenu na asilimia zao.

Na wala kumaliza kozi msikufanye kuwa ibada. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha mwaka 2019 katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za mtandaoni za vyuo vikuu vya Harvard na MIT kwenye jukwaa la edX, wakakuta kwamba mwaka 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa asilimia 3 na kidogo ya walioshiriki. Kozi zile ni za video na mitihani zaidi kuliko hizi tunazozungumzia, lakini hali inafanana. Mimi takwimu hiyo hainitishi. Mwenye kuacha kozi katikati kwa sababu amepata mtu wa kumtengenezea ukurasa amefaulu. Anayenisikitisha ni yule anayeacha kwa sababu hakuna aliyekuwa anaisubiri kazi yake.

Niwaeleze habari ya kikoba, kwa sababu humo mtaona ninachokisema kwa macho.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amemaliza masomo ya mwanzo ya JavaScript, lugha inayoupa ukurasa uwezo wa kutenda, tiki zote kijani. Nikamwambia nenda kwa kikoba cha mama yako, uwatengenezee ukurasa wa kujumlisha michango ya wiki. Akaenda. Akaandika fomu yenye visanduku viwili, kimoja cha hisa na kingine cha mfuko wa jamii, na kitufe cha kujumlisha. Mweka hazina akaandika 5000 kwenye hisa, 2000 kwenye jamii, akabonyeza. Ukurasa ukamwandikia 50002000. Milioni hamsini na elfu mbili. Akina mama walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu ukurasa ule ndio uliokuwa utunze fedha zao.

Sababu yake mnaijua wale mliofika hapo. Kinachoandikwa kwenye kisanduku cha fomu, kivinjari hukichukua kuwa maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. JavaScript ikikutana na alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili, huyaunganisha. Inabidi kwanza uyageuze kuwa namba. Kijana alikuwa amelisoma jambo hilo kwenye kozi, na tiki alipata. Lakini pale kwenye kozi lilikuwa somo mojawapo kati ya mengi, lenye mfano wa namba zisizo na mwenyewe. Pale kwa akina mama lilikuwa fedha ya mtu. Sidhani atalisahau maisha yake yote.

Basi akarekebisha, na jumla ikawa 7000. Ndipo maswali yalipoanza. Mweka hazina akamuuliza: anayechelewa tunamtoza faini, faini inaandikwa wapi? Na mwanachama akileta nusu hisa? Akauliza jambo lingine ambalo mimi mwenyewe nililifurahia sana niliposimuliwa: hizi habari za mikopo, kila mtu atakayefungua ukurasa ataona nani anadaiwa? Kwa sababu hatutaki. Deni la mtu ni siri ya kikao. Kijana alikuwa amepanga jedwali zuri, majina upande huu, madeni upande ule, rangi nyekundu kwa waliochelewa. Lingepata tiki popote duniani. Pale lilikuwa haliwezekani.

Wakafika kwenye kugawana faida. Shilingi 100,000 kwa watu watatu, kompyuta inakupa 33,333 na nukta na tatu zisizokwisha. Ukimpa kila mmoja 33,333, inabaki shilingi moja. Inakwenda wapi? Kijana alidhani ni swali la hesabu na akaja kuniuliza mimi. Nikamrudisha kwa mweka hazina, naye alikuwa na jibu tangu zamani: kinachobaki kinaingia mfuko wa jamii, na kimeandikwa hivyo katika katiba ya kikoba. Sheria ya programu ilikuwa kwenye daftari la mama yule miaka yote, ikisubiri mtu aiulizie.

Ninyi mnaoishi hapa mmezungukwa na maswali ya namna hiyo, na wale wanaoandika kozi kule New York na California hawawezi kuyaandika kwa niaba yenu. Nitawapa zoezi moja ninalolipenda, maana liko ndani ya uwezo wa mtu yeyote aliyefika kwenye masharti, yale ya ikiwa hivi fanya vile, na hesabu za mabaki. Tengeneza ukurasa unaoonyesha saa kwa Kiswahili. Kompyuta inasema saa 7 asubuhi kwa hesabu yake, sisi tunasema saa 1. Hesabu yenyewe ni fupi: chukua saa ya kompyuta, ongeza 6, gawa kwa 12, shika kinachobaki, na kikibaki sifuri andika 12. Jaribu na 13: ukiongeza 6 ni 19, kinachobaki ni 7, saa 7 mchana, sawasawa.

Hapo umemaliza nusu. Sasa ukurasa uandike asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Jioni inaanza saa ngapi? Saa 10 ni alasiri au jioni? Alfajiri inaishia wapi? Muulize bibi yako, muulize kondakta wa basi la Lushoto, muulize muadhini. Hawatakubaliana wote, na wewe ndiye utakayeamua na uwe na sababu. Kisha upeleke ukurasa wako mtandaoni, na kama saa inahesabiwa kwenye seva, kompyuta inayotunza ukurasa mtandaoni, utashangaa iko nyuma kwa saa 3, kwa sababu seva nyingi hufuata saa ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko saa 3 mbele yake. Zoezi moja dogo, na ndani yake mna hesabu, masharti, tofauti za saa duniani, na mazungumzo na bibi yako.

Kupeleka mtandaoni nako kuna elimu yake, na kozi nyingi hazikufikishi. Ndani ya kozi picha huonekana kwa sababu anwani yake umepewa. Ukijitegemea, unaweka picha, unaiona vizuri kwenye kompyuta yako, unaipandisha kwenye seva, haionekani. Mara nyingi umeita faili Picha.JPG na kwenye msimbo umeandika picha.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, lakini seva nyingi zinatumia mfumo wa Linux, na Linux inajali. Au umeandika njia inayoanzia kwenye diski C ya kompyuta yako, ambayo dunia nzima haina. Au umeweka JavaScript juu ya ukurasa, inakimbia kabla vipengele havijajengwa, na kivinjari kinalalamika kwamba umekipa kitu kisichokuwepo. Mambo haya hayahitaji akili ya ajabu, yanahitaji kukutana nayo mara ya kwanza ukiwa na mtu kando yako anayesema ni kawaida, soma ujumbe wa kosa hadi mwisho. Wanaotaka kuzoeshwa hayo mapema wapitie The Odin Project, iliyoanza 2013. Ni bure, na tangu mwanzo inakulazimisha uandae kompyuta yako mwenyewe na utumie Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Ni kali zaidi kwa anayeanza. Mimi ningemwambia mtu aanze na freeCodeCamp kwa ajili ya HTML na CSS, apate imani, kisha ahamie huko.

Na jambo la uzito wa picha silipiti, kwa sababu linaniuma. Kozi inakufundisha kuweka picha, haikuambii mteja wa fundi cherehani anafungua ukurasa kwa bando la siku. Picha uliyopiga kwa simu inaweza kuwa megabaiti 3 au 4. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja na umemaliza fedha ya mtu aliyetaka tu kujua bei ya gauni. Punguza picha hadi upana utakaoonekana kwenye simu, nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200 bila macho kuona tofauti. Hakuna tiki itakayokusifu kwa hilo. Fanya kwa sababu unamjua anayelipa bando.

Najua wengi hamna laptopu. Sitawaambia haina shida, ina shida; kuandika alama za HTML kwa kibodi ya simu kunachosha vidole na macho. Lakini inawezekana kuanza. Kozi za freeCodeCamp zinafunguka kwenye kivinjari cha simu. Zipo programu kama Acode zinazokuwezesha kuandika na kuhifadhi mafaili yako kwenye Android. DevDocs inakuruhusu kupakua marejeo ya HTML, CSS na JavaScript ukiwa na bando, ukayasoma usipokuwa nalo. Na mkiwa watatu kwenye laptopu moja, wekeni sharti hili ambalo mimi nalisimamia darasani kwangu: anayejua zaidi hashiki kibodi. Anasema, mwenzake anaandika. Asiyejua ndiye anayebonyeza, na anaruhusiwa kuuliza kwa nini kila mara.

Kuhusu Kiingereza. Wengi wenu mlisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na maelezo mengi ya kozi ni ya Kiingereza. Yapo masomo ya freeCodeCamp yanayotafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa kujitolea, na natamani baadhi yenu mje kuwa miongoni mwao. Lakini hatari ninayoiona ni mtu kuruka maelezo, kutazama mfano, kubahatisha mpaka tiki itokee. Dawa yake: kila somo mweleze mwenzako kwa Kiswahili, kwa mdomo, kioo kikiwa kimefunikwa. Kwa nini hiki kimefungwa ndani ya kile? Kwa nini rangi imekuja kwa vichwa vyote na si kimoja? Ukishindwa kueleza, rudi. Na ukurasa wako ukiwa wa Kiswahili, uandike hivyo kwenye msimbo, lang="sw", ili programu zinazowasomea wasioona zijue zinasoma lugha gani.

Mtaniuliza habari za akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, mtu anaweza kunakili zoezi lolote la kozi, akabandika, akapata jibu linalopita majaribio yote. Basi thamani ya tiki yenyewe imeshuka, na thamani ya yale aliyoyauliza mweka hazina imepanda. Mimi siwakatazi kuitumia. Nawaomba muitumie baada ya kujaribu, na muiulize kwa nini kabla ya kuiambia iandike. Mwanzoni kabisa, unapojifunza HTML, CSS na JavaScript ya msingi, iweke mbali. Mtu asiyejua 50002000 ilitoka wapi hataweza kugundua akili mnemba inapomletea kosa la namna hiyo, na akina mama watampelekea yeye lawama.

Wazazi wangu, nina mawili kwenu. La kwanza ni la fedha. Wapo wanaouza kwa bei kubwa masomo ambayo kiini chake kiko bure mtandaoni, na wanaahidi ajira. Kulipia mwalimu anayekaa na mtoto, anayesahihisha kazi yake, kuna maana. Kulipia karatasi yenye mhuri peke yake, fikirini mara mbili. La pili ni la nyumbani. Mtoto anapokaa na simu usiku akisema anajifunza, msimuulize amefika asilimia ngapi. Mwambieni: nionyeshe. Na akionyesha, muulizeni maswali ya mteja, hata kama hamjui kompyuta. Namba ya simu iko wapi? Mbona maandishi ni madogo hivi, mimi siyaoni? Nikibonyeza hapa kwa nini hakuna kinachotokea? Ninyi ni wakaguzi wazuri kuliko programu yoyote ya majaribio, maana ninyi ndio mnaotumia.

Na katika kozi zenyewe ipo nafasi ya kufanya haya, mkiitumia. Kwa miaka mingi cheti cha kwanza cha freeCodeCamp kilidai miradi mitano, mmoja wapo ukurasa wa kumuenzi mtu. Mfano waliouweka ulikuwa wa Norman Borlaug, mwanasayansi wa ngano, na wanafunzi maelfu wamemnakili Borlaug huyohuyo wakabadilisha rangi. Majaribio ya kozi hayaangalii umemwandika nani, yanaangalia vipengele vipo. Basi mwandikeni mwalimu wa kwanza wa shule ya mtaa wenu. Itabidi mtafute picha yake, muulize alizaliwa lini, mkute watu wawili wanatofautiana, mwende kwa mtoto wake kuomba ruhusa. Tiki mtaipata vilevile, na familia moja ya Tanga itakuwa na ukurasa.

Tumekubaliana na mwenyekiti kwamba chumba hiki kitakuwa wazi Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi, na kompyuta zilizopo zitatumika kwa zamu. Sitakuja na somo jipya. Kila mmoja aje na mtu aliyezungumza naye wiki hii, mwenye duka, mama lishe, mwalimu, imamu, katibu wa kikoba, yeyote, pamoja na maswali matatu ambayo wateja au watu wake humuuliza kila siku. Yaandikeni kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe, msiyapambe. Tutaanzia hapo, kwa faili tupu, na atakayetangulia kushika kibodi ni yule ambaye hajawahi kuandika ukurasa hata mmoja.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.